Orodha ya Wasio na Karatasi

Nilipopata kazi ya ualimu kaskazini, kwenye shule iliyo karibu kabisa na mpaka wa Msumbiji, dada yangu alifunga saluni saa tano asubuhi ili niombewe. Saluni yenyewe iko Point, mtaa wa bandarini Durban, chumba kimoja chini ya ghorofa lililochoka, na asubuhi ile kulikuwa na wateja wanne, wawili wakiwa wamesukwa nusu kichwa. Wote waliinuka wakaniwekea mikono. Mama mmoja Mkongo, ambaye huanza kuomba kama mtu anayemkemea mbwa, alimwomba Mungu aniepushe na nyoka, viboko, malaria, wachawi na waume za watu. Kisha akafungua jicho moja, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akaongeza, "Na umupatie wa kwake."

Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini Kigoma, nikasomea ualimu wa hesabu hukohuko Tanzania, halafu nikamfuata dada Durban na kusuka nywele kwa miaka sita. Muda wote huo vyeti vyangu vilikaa chini ya godoro kwenye bahasha ya plastiki, vikitoka tu kwenda ofisini kuhakikiwa na kurudi vikiwa na mhuri mmoja zaidi. Vilipokubaliwa hatimaye, niliomba kazi kwenye shule kumi na moja za mjini. Hakuna iliyojibu. Ya kumi na mbili ilikuwa huko kaskazini, na ilijibu siku ileile, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi.

Dada alitiwa wasiwasi kwa niaba yangu. Yeye hupima ustaarabu wa mahali kwa idadi ya robot za barabarani, yaani taa za kuongozea magari, na alikuwa amesikia kwamba ukishaupita mji wa mwisho hukutani na hata moja. Alinifungia mchele, dagaa, dawa ya mbu, na wigi mbili ili nisije nikaonekana mshamba mbele ya washamba. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Lami iliishia mbele ya duka moja lenye friji lililofungwa mnyororo. Hapo mkuu wa shule alinipokea na pikapu. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti la suti alilolivaa hata kwenye joto la kuyeyusha sabuni, na nilikuja kugundua kwamba kitu pekee alichokiogopa duniani ni barua kutoka juu. Tulikwenda kwenye mchanga kwa saa nzima, gari likiyumba kama mtu aliyekunywa. Aliniambia kwamba mwalimu wa hesabu aliyenitangulia alikaa wiki tatu. Nilimuuliza aliondoka kwa nini. Akafikiri, akasema kwamba hakuaga.

Nyumba ya walimu ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na chumba kimoja tayari kilikuwa na mwenyewe: mwalimu wa jiografia, Mzulu wa hapahapa Durban, mwenye miaka hamsini na minane. Alikuwa ametumwa huko kwa mwaka mmoja, akakaa kumi na tisa. Nilimwita Ma, kama wanavyowaita wanawake wa umri wake, naye aliniita ntombi, yaani binti, hata mbele ya wanafunzi. Mume wake alibaki Durban, akiishi vizuri na mwanamke mwingine, na Ma alisema Mungu awabariki wote wawili kwa kumpunguzia kazi ya kupika.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni choo. Kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kama arobaini, na utaratibu ulikuwa huu: unagonga mlango kwa fimbo, unahesabu hadi ishirini, ndipo unaingia. Nilidhani ni heshima kwa mtu aliyemo. Akanieleza kwamba ni heshima kwa nyoka, ambaye naye anahitaji muda wa kujiandaa kuondoka. Jambo la pili ni kwamba mchicha wetu ulikuwa wa kiboko. Tuliupanda sisi, tukaumwagilia sisi, lakini kiboko wa ziwani ndiye aliyeula, na Ma aliuendeleza kila mwaka kwa sababu, alisema, kiboko aliyeshiba hana ugomvi na mtu.

Jambo la tatu ni lugha. Kizulu na Kiswahili ni ndugu, na mimi nilifika nikijiamini: nyama ni nyama, nyoka ni nyoka, kulala ni kulala. Lakini ndugu nao hutiana aibu. Kwa Kizulu, kusimama ni neno ambalo kwetu hulioni popote isipokuwa kwenye kuta za vyoo vya wanaume. Asubuhi yangu ya kwanza paredi, mkuu wa shule alilitamka mara tano akiwa na Biblia mkononi, akiwahimiza watoto juu ya kusimama imara katika imani. Nilikohoa hadi nikaletewa maji. Ma alipojua sababu alilazimika kukaa chini, na tangu siku hiyo, kila mchungaji alipofika kwenye neno hilo, aligeuka kunitazama.

Makanisa yalikuwa matatu na Ma aliyahudhuria yote kwa zamu, kulingana na lipi lilikuwa linapika Jumapili hiyo. Mimi nilimfuata. Ijumaa alasiri tulikaa barazani tukisahihisha madaftari na kunywa ubusulu, pombe inayogemwa kwenye michikichi mifupi ya porini, nyeupe, chungu kidogo, inayoendelea kuchacha hata ikiwa tumboni. Alikuwa na kanuni: hesabu zisahihishwe kabla ya kikombe cha kwanza, jiografia baada ya cha pili. Alisema mito haibadiliki kwa sababu ya mwalimu kuchangamka.

Kijiji kiliendeshwa na wanawake. Wanaume wengi walikuwa Johannesburg au Richards Bay, wakirudi Krismasi na redio kubwa na maoni. Wanawake ndio waliojenga, wakavua samaki, wakazika, wakaamua kesi ndogondogo kabla hazijamfikia induna, yaani mkuu wa kijiji, ambaye naye alifurahi zisipomfikia. Na wao ndio walionieleza habari za uzio.

Uzio wa mpaka ulikuwa umbali wa kutembea kutoka shuleni. Kwenye ramani ya Ma darasani ulikuwa mstari mweusi mnene. Kwa macho ulikuwa waya, na waya wenyewe ulikuwa na matundu. Watu wa pande zote mbili walikuwa watu haohao: bibi huku, shangazi kule, ng'ombe popote penye majani. Magari ya wizi kutoka Durban yalipitia kwenye mchanga huo kwenda Msumbiji, na watoto walipitia hapohapo kuja shule. Karibu theluthi moja ya wanafunzi wangu walivuka mpaka kila asubuhi na kurudi kwao saa nane mchana, na waliochelewa walisema mchanga ulikuwa mzito, basi.

Mmoja wao alikuwa msichana aliyebakiza darasa moja tu kufika la mwisho. Alikaa mbele, alinyoa kipara, na alikuwa na tabia ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama fundi redio. Wiki yangu ya kwanza nilifanya mlinganyo mrefu ubaoni, nikajaza ubao wote, nikageuka kwa fahari. Yeye akainua kidole. "Mem," akasema, "pale juu, ni minus." Ilikuwa ni minus. Nilifuta ubao mzima nikaanza upya, na nikajua kwamba sitaondoka bila kuaga.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa tano, alikuja afisa kutoka ofisi moja ya huko juu. Gari lake lilikuwa jeupe, dogo na la mjini, na lilikwama mita mia mbili kabla ya lango. Wanawake waliokuwa wakienda ziwani walilisukuma hadi uwanjani wakiimba, afisa akiwa amekaa ndani na simu zake mbili, dirisha amelifunga ili vumbi lisiingie. Alikaa ofisini kwa mkuu wa shule muda wa kunywa chai na kula biskuti zote. Alipoondoka, mkuu wa shule aliniita.

Alisema afisa anataka orodha ya wanafunzi wote wasio na karatasi. Majina, umri, darasa, jina la mzazi. Nilimuuliza kama kuna barua. Hakukuwa na barua, alikuwa amesema tu kwa mdomo, na mkuu wa shule, aliyeogopa barua, aliogopa zaidi jambo lisilo na barua kwa sababu hakujua mwisho wake. Alinipa wiki mbili. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akatazama meza, akasema kwamba mimi ndiye ninayejua kutengeneza jedwali kwenye kompyuta. Halafu akaongeza, kwa upole wake uleule, kwamba mimi naelewa mambo ya karatasi.

Naam, nayaelewa. Karatasi yangu ya ukimbizi niliitembeza kila mahali ndani ya plastiki, imekunjwa mara nne, na kila ilipokaribia kwisha nililala vibaya kwa mwezi mzima. Kambini Kigoma tuliishi kwa orodha: ya mahindi, ya sabuni, ya wanaorudishwa. Mama yangu alikuwa anatuvalisha nguo safi siku za kuhesabiwa, kana kwamba karani angeandika hilo pia. Nilirudi nyumbani nikamwambia Ma. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya, akaniuliza kama nitaandika, nikasema sijui, na ndivyo ilivyokuwa: sikujua. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa na sababu nzuri kabisa. Mgeni akikataa kuandika majina ya wageni, jina linalofuata si gumu kulikisia.

Habari zilitoka kabla sijafungua kompyuta. Nadhani zilitokea kwa aliyeleta biskuti. Siku mbili baadaye, darasani kwangu kulikuwa na viti vitupu kumi na vitatu. Kiti cha mbele kilikuwa kimojawapo. Nilifundisha nikitazama ukuta wa nyuma.

Siku ya nne Ma alikuja mlangoni mwa darasa baada ya kengele, amevaa mabuti ya mpira na kofia yake ya kanisani, akasema twende. Nilijua anamaanisha wapi. Nilimwambia siwezi. Nilimweleza polepole, kama ninavyoeleza hesabu za sehemu: mimi ni mkimbizi katika nchi hii, nikitoka kwa kupita kwenye tundu na kukamatwa nikirudi, hakuna wa kunitetea, karatasi inachukuliwa, na dada yangu atanisikia nikiwa kituo cha kufukuzia wageni.

"Hatuvuki mpaka," akasema. "Tunamtembelea mzazi."

Nilimfuata. Hadi leo sijui kama ulikuwa ushujaa au ni kwamba nilikuwa nimezoea kumfuata, makanisani na kwingineko. Tulitembea kwenye njia ya watoto, na tundu lilikuwa limepimwa kwa miili ya watoto. Ma, ambaye si mdogo, alilala ubavu akapita kama barua chini ya mlango. Mimi, ambaye ni mwembamba, niliinama vibaya. Waya ulinishika sketi nyuma. Nikavuta mbele, haikutoka. Nikarudi nyuma, waya mwingine ukanishika wigi. Nikawa nimepiga magoti, kichwa Msumbiji na makalio Afrika Kusini, na Ma akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa mchangani. Nilimwomba kwa Kizulu anisaidie, nikakosea kitenzi, akacheka upya.

Ndipo akatokea mwanajeshi wa doria, upande wa Afrika Kusini, yaani upande ambao sikuwa na uso. Nilisikia tu mabuti yake na sauti ya kijana anayeuliza kuna nini hapa. Moyo wangu ulisimama, kwa lugha zote mbili. Ma aliinuka, akajipangusa mchanga, akamsalimia kirefu, akamuuliza nyumbani kwao wapi na mama yake hajambo. Hajambo, akasema. Ma akamwambia kwamba sisi ni walimu, tunakwenda kuuliza kwa nini mtoto hajafanya kazi ya nyumbani.

Kisha yule mwanajeshi akaweka bunduki yake chini, akainama, akanifungulia sketi kwenye waya taratibu kama mtu anayetoa mwiba, akaomba radhi kwa kunigusa. Wigi alishindwa nalo. Nililiacha, nikapita bila nywele. Alimwambia Ma, kwa heshima zote, kwamba tundu hilo si zuri, kwamba wakubwa wake hupenda kupigia picha hapo, na kwamba karibu na mti wa marula kuna jingine pana zaidi ambalo wenye ng'ombe hulitumia. Tukamshukuru. Wakati wa kurudi tulipitia hilo la mti wa marula.

Nyumba ya msichana ilikuwa ya matete, imefagiliwa vizuri, na mahindi yameanikwa juu ya bati. Alikuwa anafua. Aliponiona na kichwa changu kitupu alitabasamu, kisha akakumbuka na akaacha. Bibi yake alitutandikia mkeka, akatuletea maji na karanga, na Ma akaanza mazungumzo marefu ya mvua na maradhi ambayo bila hayo hakuna la maana linaloweza kusemwa. Mimi nilikwenda kukaa karibu na beseni. Nilimwambia kwamba mitihani ya mwisho ni mwaka huu. Alisema anajua. Nilimwambia kwamba mimi pia sina pasipoti ya Afrika Kusini, kwamba nina karatasi moja tu, nayo inakwisha. Alisema wote wanajua hilo. Kijiji kizima kilijua, kumbe, tangu wiki ya kwanza.

Alikamua shati, akalitundika, akarudi.

"Mem akiandika jina langu," akasema, "Mem ataondoka siku moja, lakini jina litabaki pale."

Ningeweza kumwahidi kwamba sitaliandika, lakini ningekuwa naahidi kitu ambacho mwingine angelazimishwa kukifanya baada yangu. Bibi yake alikuwa amesikia. Akauliza kwa sauti, kutoka mkekani, ni karatasi gani hiyo inayotafutwa. Ma akamwambia: cheti cha kuzaliwa. Bibi akacheka kwa dharau. Akasema kwa upande wetu ule wa uzio ni nani aliye nacho? Mama zao walizalia nyumbani, hospitali iko mbali, nauli hakuna. Hata wajukuu wa induna hawana, akasema, na akawataja mmoja mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyewapokea walipozaliwa.

Ma alinitazama. Mimi nikamtazama. Nilimwambia msichana arudi shule kesho yake na aje na kitabu cha trigonometria, na kwamba orodha nitaiandika vizuri sana.

Niliiandika kwa wiki moja na nusu, nayo ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye kompyuta. Nilimwomba kila mwanafunzi wa shule nzima alete cheti cha kuzaliwa, bila kuuliza anatoka upande upi wa waya. Wengine walileta cheti cha ubatizo. Mmoja alileta kadi ya kliniki ya ng'ombe. Asiyekuwa na cheti niliandika jina lake, umri, darasa, jina la mzazi, kama nilivyoagizwa. Wajukuu watano wa induna waliingia. Binti wa mwinjilisti wa kanisa la pili aliingia. Watoto wawili kati ya watatu wa mkuu wa shule mwenyewe waliingia, kwa sababu hakuwa amemaliza kutoa ng'ombe wa mahari, wakwe wakakataa waandikwe kwa ukoo wake, yeye akakataa waandikwe kwa ukoo wao, na miaka ikapita. Ilipofika mwisho, zaidi ya nusu ya shule ilikuwa kwenye orodha, na wengi wao walikuwa Waafrika Kusini wa vizazi ambavyo havina wa kuvihesabu. Chini kabisa niliongeza mstari mmoja: jina langu, mwalimu wa hesabu, karatasi ya muda, na tarehe ya kuisha.

Nilimpelekea mkuu wa shule. Alisoma amesimama. Alipofika kwa watoto wake alivua koti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila koti, na chini yake alikuwa na shati la mikono mifupi lenye picha za samaki. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza kama kuna kosa lolote la tahajia kwenye majina ya wanawe. Nikasema hakuna. Akatia mhuri wa shule kila ukurasa, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu ambayo sikuijua.

Afisa alirudi, safari hii na gari linalofaa. Tulikaa ofisini wanne: yeye, mkuu wa shule, Ma ambaye hakualikwa, na mimi. Alipindua kurasa haraka, kisha polepole. Aliuliza mbona ni wengi hivi. Mkuu wa shule akamjibu kwamba aliomba wasio na karatasi, na hao ndio. Afisa akasema alikuwa anamaanisha wageni. Ma akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, mtoto asiye na karatasi atajulikanaje kuwa mgeni au si mgeni, na kama ofisi ina kipimo wanacholeta, labda cha damu. Afisa aligeuza ukurasa. Alikuwa amefika mstari wa mwisho.

"Huyu ni wewe?" akaniuliza.

Nikasema ni mimi. Akauliza kama nafanya mzaha. Nilitoa karatasi yangu kwenye plastiki, nikaikunjua mikunjo yote minne, nikaiweka mezani mbele yake. Nilimwambia kwamba nilifuata maagizo. Aliisoma, akairudisha, akasema kwamba hawa wote wakiondolewa shule itafungwa. Mkuu wa shule akasema ndiyo, walimu wote watahamishwa, na ripoti ya kufungwa kwa shule itaandikwa na afisa anayehusika. Alilisema hilo akitazama dirishani, kwa upole. Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Orodha iliondoka na afisa, na haikurudi. Kwa miezi mitatu nilishtuka kila niliposikia injini. Kilichokuja hatimaye ni lori la kuandikisha vyeti vya kuzaliwa, ambalo lilikaa uwanja wa mpira siku mbili, na akina mama wakapanga foleni na watoto na mbuzi, na mkuu wa shule alikuwa wa kwanza, akiwa na wakwe zake, wamekubaliana ukoo hapohapo kwenye foleni. Watoto wa upande wa pili wa uzio hawakupata chochote kwenye lori lile. Sitaki kusimulia kana kwamba walipata. Waliendelea kupitia tundu la mti wa marula, bila karatasi, na hakuna aliyewauliza tena.

Msichana alifanya mtihani wake wa mwisho na hesabu akafaulu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha, kabla au baada. Vyuo vya huku vilitaka namba ya kitambulisho. Alikwenda Maputo. Anasomea upimaji ardhi, kozi ambayo amenieleza mara tatu kwenye simu, na anasema Kireno ni kibaya lakini pembe ni pembe.

Ma alistaafu mwaka jana. Alikataa sherehe, akakubali chakula. Akarudi Durban, si kwa mume, ambaye anaendelea vizuri, bali kwenye kiflati mtaa wa Berea alichokodi na mdogo wake. Shule zinapofungwa mimi huja kwa dada, na kabla hata sijafua nguo za safari, Ma hunipigia kwamba ana njaa.

Wiki iliyopita tulikaa South Beach saa nne asubuhi, kwenye ukuta, miguu ikiwa mchangani, tukila bunny chow ya maharagwe, yule mkate uliotobolewa na kumiminiwa mchuzi. Mlinzi mmoja alituambia hairuhusiwi kula pale. Ma alimuuliza mama yake hajambo, mlinzi akaenda zake. Tuliongea habari za shule, za kiboko, za mwalimu mpya wa jiografia ambaye hanywi na kwa hiyo anasahihisha vibaya. Kisha, akiwa anakwangua mchuzi kwa ganda la mkate, akaniambia kitu ambacho hakuniambia miaka yote tuliyokaa nyumba moja: kwamba yeye naye hakuwa na cheti cha kuzaliwa hadi alipokuwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Alizaliwa nyumbani kwa bibi yake, vijijini, wakati wa mavuno. Karani alipomuuliza tarehe hakuijua, na karani, aliyekuwa na haraka, akachukua ya kalenda iliyokuwa ukutani.

"Kwa hiyo inawezekana nimestaafu mapema," akasema, "au wao wameniibia mwaka mzima wa kupumzika."

Nikamwambia kwa karatasi zangu mimi nimezaliwa tarehe mosi Januari, mimi na nusu ya kambi yetu. Alifikiri juu ya hilo. Akaniuliza kama kulikuwa na keki ya kututosha wote. Nikasema hapakuwa na keki, ila kulikuwa na ndoo ya uji na foleni ndefu sana. Alicheka kama alivyocheka siku ile ya uzio, mkono kifuani, mchuzi ukimdondokea kwenye sketi, na watu waliokuwa wakikimbia mazoezi ufukweni wakatupisha kwa mbali.

Mkate ulipokwisha alikuwa bado na njaa. Akanipa mkono nimvute asimame, akalitaja lile neno la Kizulu la kusimama, kwa makusudi, kwa sauti, mbele ya familia mbili za Kitanzania zilizokuwa zimetandika khanga karibu yetu, nami nikashika njia ya dukani bila kugeuka.